Kumtambua Farasi Katika Picha ya Zamani: Uanzie na Alama, Kadi, Zana au Nyaraka?

Anayeshika picha ya zamani yenye farasi na kuuliza "huyu ni farasi gani?" huwa ameuliza maswali matatu kwa pumzi moja: farasi huyo ni wa aina gani, picha ilipigwa lini, na ni farasi yupi hasa, mwenye jina lake na mwenyewe wake. Maswali hayo hayajibiwi kwa njia moja. Zipo njia nne zinazotumika, yaani kusoma alama za mwili wa farasi, kuichunguza picha yenyewe kama kitu kilichotengenezwa kwa ufundi wa wakati wake, kuangalia zana na mazingira yaliyomo ndani yake, na kufuata nyaraka; siku hizi imeongezeka ya tano, ya kuiachia kompyuta kazi hiyo. Watu wengi huanza na alama kwa kuwa ndizo zinazovuta jicho. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia katikati ya safari, na nitaeleza sababu, ingawa alama ndizo zitakazochukua nafasi kubwa hapa kwa kuwa ndiko kuliko na mambo mengi.

Alama za mwili

Farasi huzaliwa na alama zake nyeupe na hufa nazo. Nyota ya kwenye paji la uso, mstari unaoshuka juu ya mfupa wa pua, baka dogo katikati ya matundu ya pua, soksi inayoishia kwenye kifundo au stokingi inayopanda hadi karibu na goti: hakuna hata moja inayohama mguu au kubadili umbo lake kadiri mnyama anavyokua. Kinachoweza kuongezeka ni nywele nyeupe zinazoota juu ya kovu, mara nyingi mgongoni au mabegani pale tandiko au kamba za kukokotea zilipomchubua, na madoa ya namna hiyo yana thamani yake, kwa kuwa yanaonyesha kwamba picha moja ni ya baadaye kuliko nyingine.

Kwa sababu hiyo alama zina nguvu kubwa ya kukataa. Ikiwa farasi unayemdhania alielezwa na waliomjua kuwa hakuwa na weupe wowote miguuni, na wa kwenye picha ana stokingi ya wazi mguu wa nyuma, shauri limekwisha, hata kama mtu aliyeshika hatamu ni babu wa mwenye picha na ua unaoonekana ni wa shamba lenyewe. Nguvu yake ya kuthibitisha ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa nyota moja na soksi moja ni mali ya maelfu ya farasi. Nimeona mabishano marefu yakijengwa juu ya maneno "wote wawili wana nyota", maneno ambayo yana uzito uleule wa kusema kwamba watu wawili ni mtu mmoja kwa sababu wote wana ndevu.

Linalothibitisha ni umbo, na hasa kingo za umbo hilo. Chukua picha mbili zilizowekwa sambamba mezani, moja ya farasi aliyesimama na nyingine ya farasi aliyefungwa kwenye gari. Katika ya kwanza, nyota ina mkia mwembamba unaopinda kuelekea tundu la pua upande mmoja, unakatika kidogo chini ya usawa wa macho, kisha weupe unarudi kama tone kati ya matundu ya pua. Usiridhike kwamba ya pili nayo ina nyota na tone. Pima umbali kutoka mstari unaounganisha macho hadi mahali mkia unapokatika, uulinganishe na umbali kutoka mstari huohuo hadi matundu ya pua, kisha ufanye vivyo hivyo kwenye picha ya pili. Uwiano ndio wa kuaminiwa, si sentimita, kwa sababu ukubwa wa kichwa hutofautiana kati ya picha na picha. Mkia ukikatika kwenye theluthi moja ya safari katika picha zote mbili, ukapinda upande uleule, na soksi ya mguu mmoja ikawa na ncha inayopanda kwa nyuma katika zote mbili, sasa unayo hoja. Farasi aliyegeuza kichwa ataupotosha uwiano huo, hivyo picha za uso wa mbele zilinganishwe na za mbele, na za ubavu na za ubavu.

Mizunguko ya nywele pajini na shingoni hutofautiana kati ya farasi na farasi, ndiyo maana huandikwa katika vitambulisho vyao hata leo. Sugu ngumu zisizo na nywele zilizo upande wa ndani wa miguu nazo zimewahi kupigwa picha kwa ajili ya usajili wa farasi wa mbio nchini Marekani. Hata hivyo, katika picha ya zamani mambo hayo mawili huonekana kwa nadra sana, na ukiyaona ni bahati yako.

Mitego ya njia hii ni mingi. Nyasi ndefu huficha soksi, na tope huifuta. Vumbi jeupe la barabara humvisha farasi soksi ambazo hakuzaliwa nazo. Mng'ao wa jua kwenye pua yenye jasho hufanana na baka jeupe, na mafundi wa studio walikuwa na desturi ya kupaka rangi kwa brashi juu ya picha ili kuipendezesha. Mtego mgumu kuliko yote ni farasi wa kijivu, kwa sababu yeye huzaliwa na rangi nyingine, iwe nyeusi, ya kahawia au nyekundu, kisha huingia mvi mwaka hadi mwaka hadi kuwa karibu mweupe, na nyota yake humezwa na weupe uliomzunguka. Picha yake ya umri wa miaka minne na ile ya miaka kumi na minne zinaweza kuonekana kama za wanyama wawili tofauti, na kwa farasi wa namna hiyo ningeacha alama nyeupe kabisa, nikategemea umbo la kichwa, makovu na nyaraka.

Picha yenyewe kama kitu

Hapa ndipo ninapopendekeza kuanzia, kwa sababu picha yenyewe ndiyo inayokuambia kama kushoto unakokuona ni kushoto kweli, na kama weusi unaouona ni weusi kweli. Bila majibu hayo mawili, kusoma alama ni kazi ya kubahatisha.

Tuanze na kushoto na kulia. Dagerotaipu, ufundi wa awali wa kupiga picha juu ya bamba la metali uliotangazwa Ufaransa mwaka 1839, na tintaipu, yaani picha juu ya bamba jembamba la chuma iliyopewa hataza Marekani mwaka 1856, kwa kawaida huonyesha kilicho mbele ya kamera kama kinavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia. Soksi ya mguu wa kushoto huonekana ya kulia, na mkia wa nyota hupinda upande usio wake. Niliwahi kupoteza jioni tatu nikimkataa farasi kwa sababu stokingi ilikuwa mguu wa nyuma wa kulia ilhali maelezo ya mwenyewe yalisema kushoto. Jioni ya nne nikatazama vifungo vya koti la mtu aliyesimama kando yake, nikaona kwamba koti la kiume limefungwa upande wa kulia juu ya kushoto, jambo ambalo washonaji wa enzi hiyo hawakulifanya. Bamba lilikuwa la chuma na picha yote ilikuwa imegeuka. Tandiko la kike la kukalia upande nalo husaidia, kwa kuwa kwa desturi miguu ya mpandaji hukaa kushoto kwa farasi. Maandishi ya duka au namba yoyote iliyomo humaliza ubishi mara moja. Picha ya karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye bamba la kioo kwa kawaida haijageuka, isipokuwa fundi aliliweka bamba kinyume.

Jambo la pili ni rangi. Mabamba ya zamani hayakuona rangi kama jicho linavyoziona. Yale ya mwanzo yaliitikia mwanga wa buluu na zambarau tu. Baada ya mkemia Mjerumani Hermann Vogel kugundua mwaka 1873 kwamba rangi fulani zikichanganywa na dawa ya bamba hupanua uwezo huo, mafundi walipata mabamba yanayoona kijani pia, lakini wekundu ulibaki gizani. Mabamba yanayoona rangi zote yalianza kuuzwa mwaka 1906, na hata hapo filamu zisizoona wekundu ziliendelea kutumika kwa miongo kadhaa. Maana yake kwetu ni hii: farasi mwekundu anaweza kutoka karibu mweusi, na wa kahawia mwenye singa nyeusi anaweza kutoka mweusi mtupu. Anayesema "hawezi kuwa yeye, kwa sababu yule alikuwa mwekundu na huyu ni mweusi" ametumia ushahidi usiokuwepo. Kinyume chake kina nguvu zaidi: farasi aliyetoka na rangi nyepesi kabisa katika bamba la aina hiyo si rahisi kuwa mwekundu au wa kahawia.

Kadi iliyobeba picha hutoa tarehe. Kadi ndogo za takriban sentimita 6 kwa 10, ambazo mpiga picha André Disdéri alizipatia hataza mjini Paris mwaka 1854, zilienea sana katika miaka ya 1860. Kadi kubwa zaidi za takriban sentimita 11 kwa 16.5 zilifuata kuanzia mwaka 1866. Postikadi yenye picha halisi mara nyingi ni ya karne ya ishirini, na mgongo wake uliogawanywa sehemu mbili, moja ya ujumbe na moja ya anwani, uliruhusiwa Uingereza mwaka 1902 na Marekani mwaka 1907. Jina la studio chini ya kadi ni zawadi, kwa kuwa vitabu vya anwani za miji huonyesha ni miaka gani studio hiyo ilikuwa mtaa gani. Udhaifu wa njia hii ni mmoja lakini ni mkubwa: haikwambii lolote kuhusu farasi mwenyewe. Itakupa muongo na mji, itakurekebishia macho, kisha itanyamaza.

Zana na mazingira

Njia hii ni nzuri kwa swali la lini na kwa matumizi ya farasi, na ni dhaifu kwa jina. Joki aliyekaa wima, miguu imenyooka, ni wa mtindo uliotawala kabla ya Tod Sloan, Mmarekani aliyekwenda kupanda Uingereza mwaka 1897 na kueneza mkao wa kuinama juu ya shingo ya farasi. Kigari chepesi cha mbio za kukokota chenye magurudumu makubwa ya mbao kinaelekea kuwa cha kabla ya mwaka 1892, mwaka ambao magurudumu madogo ya mpira wenye upepo, yaliyochukuliwa kutoka kwenye baiskeli, yaliingia katika mbio hizo. Tandiko la McClellan lilipokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1859, na farasi wa jeshi hilo walipigwa chapa ya herufi US kwenye bega la kushoto. Mkia uliokatwa kuwa kisiki ulikuwa jambo la kawaida kwa farasi wa kazi Uingereza hadi sheria ya mwaka 1949 ilipoukataza.

Tahadhari ni kwamba zana huishi muda mrefu kuliko mtindo wake. Tandiko la jeshi liliuzwa kwa raia na kutumika mashambani kwa miaka mingi, na gari kuukuu halikutupwa kwa sababu jipya limevumbuliwa. Kwa hiyo zana huweka mpaka wa chini kwa uhakika: picha haiwezi kuwa ya kabla ya kitu kilichomo. Mpaka wa juu huwa ni makisio.

Kuhusu aina ya farasi, wale wakubwa wa kukokota ndio wanaotambulika kwa urahisi zaidi. Shire na Clydesdale wana manyoya marefu yanayofunika kwato, na Clydesdale aghalabu ana miguu myeupe. Percheron ana manyoya machache miguuni na kwa kawaida ni wa kijivu au mweusi. Suffolk ni mwekundu daima, miguu yake haina manyoya mengi, na weupe wake ni mdogo. Ukizingatia yaliyosemwa juu ya mabamba na wekundu, utaona jinsi Suffolk anavyoweza kuchukuliwa kuwa Percheron mweusi. Na mbele ya yote hayo ukumbuke kwamba farasi wengi wa kazi hawakuwa wa aina yoyote iliyosajiliwa.

Nyaraka

Jina hutoka kwenye maandishi, na kwa hilo njia hii haina mshindani. Daftari la nasaba la farasi wa mbio wa Uingereza lilianza kuchapishwa mwaka 1791, na la Marekani lilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1868. Vyama vya Clydesdale na Suffolk viliundwa mwaka 1877, cha Shire mwaka 1878, na cha Percheron huko Ufaransa mwaka 1883. Madaftari ya namna hiyo hutaja baba, mama, mwaka wa kuzaliwa, rangi na mfugaji. Alama nyeupe huzikuti katika kila daftari, na majina hurudiwa kwa wingi wa kuchosha, hivyo bila mwaka na jina la mwenyewe utapata farasi wanane wenye jina moja. Kwa farasi asiye wa mbio wala wa maonyesho, ambaye ndiye aliye katika picha nyingi za familia, madaftari hayana lolote. Huko tegemea barua, hati za mauzo, daftari la matumizi ya shamba na tangazo la gazeti la farasi aliyepotea, ambalo kwa kawaida hueleza alama kwa undani kuliko hati yoyote rasmi, kwa sababu mwenyewe alitaka mnyama wake arudi.

Maelezo yaliyoandikwa nyuma ya picha ni waraka pia, na ndio unaoaminiwa kuliko unavyostahili. Uliza yaliandikwa na nani na lini. Kalamu ya bolpeni, yenye kigololi kinachoviringika nchani, ilianza kuuzwa madukani Marekani mwaka 1945, hivyo jina lililoandikwa kwa kalamu hiyo kwenye kadi ya miaka ya 1880 limeandikwa na mtu wa kizazi kingine, pengine kwa kumbukumbu ya kusimuliwa. Mfano maarufu wa maelezo kumpoteza mtu ni picha iliyojulikana kwa muda mrefu kuwa ya Jenerali Ulysses S. Grant akiwa juu ya farasi huko City Point wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Wachunguzi wa Maktaba ya Bunge ya Marekani walionyesha kwamba ni picha tatu zilizounganishwa: kichwa ni cha Grant, mwili na farasi vinatoka katika picha ya Jenerali Alexander McCook, na watu wa nyuma ni wafungwa waliotekwa Fisher's Hill. Mwunganishaji alikuwa Levin Handy, mwaka 1902. Yeyote aliyemtazama farasi yule kwa nia ya kujifunza sura ya Cincinnati, farasi mashuhuri wa Grant, alikuwa akimtazama farasi aliyepandwa na mtu mwingine, ilhali ipo picha ya mwaka 1864 inayomwonyesha Cincinnati mwenyewe pamoja na farasi wengine wawili wa jenerali huyo.

Mara chache mno upo mwili wa kulinganisha nao. Ngozi ya Phar Lap, bingwa wa mbio za Melbourne Cup za Australia za mwaka 1930, imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Melbourne. Ya Comanche, farasi wa jeshi la Marekani aliyenusurika katika mapigano ya Little Bighorn ya mwaka 1876, iko Chuo Kikuu cha Kansas. Mifupa peke yake, kama ile ya Lexington aliyekufa mwaka 1875, haisaidii kwa alama.

Kompyuta

Kutafuta kwa picha mtandaoni kunafaa jambo moja, nalo ni kupata nakala nyingine ya picha ileile yenye maelezo bora au isiyokatwa kingo. Programu zinazotaja aina ya farasi zimefunzwa zaidi kwa picha za rangi za siku hizi, nami singezipa uzito kwenye bamba la mwaka 1870. Zile zinazotia rangi au kunoa picha zisitumiwe kabisa kabla ya kusoma alama: rangi zinayoitia ni ya kukisia, na kunoa huchora kingo ambazo bamba halikuzinasa, ikiwemo nyota isiyokuwepo. Skana ya bapa yenye pikseli nyingi na kioo cha kukuza vitakufaa zaidi.

Uchague ipi

Ikiwa picha halisi iko mkononi mwako na hujui lolote juu yake, anza na kadi au bamba, kisha zana, na alama uziache hadi umejua kama picha imegeuka. Ikiwa tayari una jina la kudhania, nenda moja kwa moja kwenye alama na jinsia, kwa kuwa ndizo zitakazolikataa jina hilo kwa gharama ndogo. Dume hawezi kuwa farasi jike wa hadithi ya familia hata nyota zikilingana vipi. Ikiwa ulicho nacho ni nakala ya skana tu, njia ya kadi imekufungia, na lazima useme hivyo katika hitimisho lako. Nyaraka ziende mwisho ukiwa huna jina, na ziende mwanzo ukiwa na jina la shamba au la mmiliki.

Ukishafika mwisho, andika ulichokipata kwa penseli kwenye bahasha ya kuhifadhia, si nyuma ya picha, na utenganishe kinachoonekana na unachokisia. Maelezo ya aina hii yanatosha: "Farasi dume wa kukokota, rangi yake mwekundu au wa kahawia, stokingi mguu wa nyuma wa kushoto baada ya kurekebisha picha iliyogeuka, tintaipu, si kabla ya 1856, jina limetajwa katika barua ya familia, alama hazilipingi."